Meno ya Rangi ya Chai

Nina kawaida ya kucheka nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja. Walionijua ukubwani hudhani ni haya za kike, na mama mkwe wangu aliwahi kunisifia kwa hilo mbele za watu, kwamba mwanawe kaoa binti aliyefundwa akafundika. Sikumsahihisha. Ukweli ni kwamba meno yangu ni ya kahawia, yana michirizi kama kikombe cha chai kilichosahauliwa wiki nzima bila kusuguliwa, na nimeyaficha tangu nikiwa na miaka 14.

Nimezaliwa Maji ya Chai, Arumeru, chini ya Mlima Meru. Mlima ule ni volkano, na maji yanayopita kwenye miamba yake hubeba madini mengi ya floridi kuliko mwili unavyohitaji. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Vyanzo vingi vya kwetu vinavuka hapo mara kadhaa. Ongeza na magadi tunayotia kwenye makande ili yaive upesi, nayo yana floridi yake. Kijijini hakuna aliyetucheka, maana wa kumcheka mwenzake angetoka wapi? Wote tulikuwa na kinywa kimoja. Taabu ilianza nilipopelekwa sekondari ya bweni mkoa mwingine, wasichana wa huko wakaniuliza kama nyumbani kwetu miswaki haijafika. Mmoja akaniambia nimeanza kuvuta sigara mapema. Mwalimu wa kemia ndiye aliyenitajia chanzo, nami nikaandika neno floridi kwenye daftari na kulipigia mstari mara mbili. Siku ile nilimjua mchawi wangu kwa jina.

Nilikuja Tanga mwaka 2017 kwa ndoa. Tunakaa Ngamiani, nashona sare za shule. Maji ya bomba ya hapa yanatoka Mto Zigi, bwawa la Mabayani, na watu wa hapa nikawaona wanacheka midomo wazi hadi fizi. Binti yangu alipozaliwa mwaka 2019, na meno yake mawili ya chini yalipochomoza miezi sita baadaye, meupe kama punje za mchele mpya, nililia. Nikaapa kwamba huyu hataziba mdomo.

Basi nikawa mtu wa kuchambua dawa za meno dukani. Nikiona neno floridi kwenye boksi narudisha rafuni, hata muuza duka akanizoea. Mwisho nikapata ya mitishamba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba haina floridi. Ilikuwa ghali mara tatu ya zile za kawaida. Mume wangu akasema hajawahi kuona mtu anasoma dawa ya mswaki kama anasoma hati ya kiwanja.

Nitaje na hili, kwa sababu linaonyesha nilivyojiona mjanja. Mtoto akiwa na miezi saba alipata homa na kuharisha, na shoga yangu mmoja wa mtaani akaniambia ana meno ya plastiki, kuna bibi anajua kuyatoa. Uongo huo umezunguka nchini kwetu tangu miaka ya 1980. Wanachokiona kwenye ufizi uliotuna ni chonge changa ambazo hazijaota, na wanaozichokonoa kwa spoku ya baiskeli wameacha watoto na vidonda, na wengine wameshazikwa. Nilikataa. Nikampeleka zahanati, akapewa maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki, akapona ndani ya siku nne. Nikatembea mtaani kichwa juu. Kumbe uongo wa jirani niliufukuza mlangoni, wangu nikaulaza kitandani na mtoto.

Uongo wangu ulikuwa ndani ya chupa. Desemba na Januari ndiyo mavuno ya mshona sare. Nilikuwa nakaa kwenye cherehani hadi saa saba usiku, na mtoto akiamka nisingeweza kuacha gauni nusu. Nilikuwa namwekea chupa ya chai ya maziwa, sukari vijiko viwili, akiinyonya hadi anasinzia nayo mdomoni. Akishtuka tena, namrudishia. Chai ni chakula, nilijiambia. Mimi mwenyewe nimekuzwa na chai. Mchana alikuwa na juisi ya embe, na barafu za ukwaju za jirani, na baba yake akirudi kazini hakuna siku iliyopita mfuko wa shati ukiwa mtupu.

Alipokaribia mwaka mmoja na nusu niliona mstari mweupe kama chokaa kwenye meno ya mbele ya juu, pale yanapokutana na ufizi. Nilidhani ni maziwa yameganda. Nikafuta kwa kitambaa, haukutoka, nikauacha. Ningejua, ule mstari ndio uliokuwa saa ya kushtuka. Jino likiwa hapo bado halijatoboka, limepoteza madini tu, na madini hurudi ukiacha sukari na ukapiga mswaki wenye dawa inayofaa.

Baada ya miezi kadhaa mstari ukawa kahawia.

Hapo ndipo akili yangu iliponisaliti. Mtu mwingine angeona kahawia kwenye jino la mtoto akafikiri limeoza. Mimi niliona Maji ya Chai. Nilisema moyoni, maji ya kwetu yamo kwenye damu yangu, nimempa mwanangu akiwa tumboni. Kwa mama mwenye aibu kama yangu, jambo hilo halipelekwi kwa daktari, linafichwa. Nikaanza kuyasugua kwa mkaa uliosagwa na chumvi, asubuhi na jioni, mtoto analia na mimi nalia. Nikazidi kuiogopa floridi. Na chupa ikaendelea, maana baada ya kumsugua hadi fizi zinatoka damu ilibidi nimbembeleze, na nilijua kitu kimoja tu cha kumbembelezea.

Kufika miaka mitatu meno manne ya mbele ya juu yalikuwa vipisi. Yalikuwa yanameguka kama biskuti iliyolowa. Mama mkwe wangu, ambaye ananipenda na nampenda, alisema, "Mwanangu, usijitese, hayo ni meno ya utoto, yatang'oka yaote mengine." Akaongeza kwamba mdudu ndiye anayeyala, akatuletea karafuu za kuweka kwenye matundu. Karafuu zilituliza maumivu kweli, nisizidharau. Lakini mtoto alianza kukataa nyama, kisha mihogo, kisha akawa anatafuna upande mmoja huku ameinamisha kichwa kama kuku anayesikiliza kitu. Usiku alikuwa anaamka ameshika shavu.

Agosti 2022 tuliamka uso wake umevimba upande mmoja, jicho la kushoto limebaki ufa, mwili unawaka. Duka la dawa wakatupa dawa ya maji ya kuua bakteria na ya homa. Uvimbe ukashuka, tukashukuru Mungu. Wiki tatu baadaye ukarudi, mkubwa kuliko wa kwanza, na juu ya ufizi kukawa na kipele kinachotoa usaha. Kituo cha kwanza tulichokwenda, mtu wa zamu alitazama kwa mbali akasema meno ya watoto huwa hawayatibu, tusubiri yalegee. Niliondoka pale mtoto amelala begani, joto lake linapita kwenye nguo yangu. Sitasahau joto lile.

Hospitali ya pili tulikuta daktari wa meno, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Nilikuwa nimejiandaa kukiri. Nilitaka kumwambia kabla hajauliza kwamba kosa ni la maji ya kwetu. Alinitangulia. Nilipofungua mdomo kumsalimia alisema, "Mama, wewe ni wa Arumeru?" Nikaziba mdomo. Akacheka kidogo, akaniomba niondoe mkono. Akachukua kioo chake kirefu akatazama kinywa changu kabla ya cha mtoto. "Una tundu hata moja?" akauliza. Sina. Sijawahi kuumwa jino maisha yangu yote. "Basi haya yako hayajaoza," akasema. "Yana madoa tu. Ya kwake yalikuwa hayana doa, na ndiyo yaliyooza."

Kisha akamlaza mtoto mapajani pangu, kichwa kwenye mapaja yake, tukiwa tumekaa magoti kwa magoti. Alihesabu: ya juu ya mbele manne yamekwisha, magego manne yana matundu. Ya chini ya mbele mazima kabisa, yanang'aa. Akanitazama.

"Analala na chupa?"

Sikuwa nimemtajia chupa. Nilimuuliza amejuaje. Akasema meno ya chini yamemwambia. Mtoto akinyonya chupa, ulimi wake unafunika meno ya chini, na mate yanayochuruzika chini ya ulimi yanayaosha. Ya juu ya mbele ndiyo yanayobaki yameloweshwa. Mtoto akisinzia mate hupungua, hakuna tena cha kuyaosha, na chai inabaki imetuama hapo hadi alfajiri. Jino la utoto lina gamba jembamba, karibu nusu ya unene wa la mkubwa, halichukui muda kutoboka.

Nilimuuliza sukari kiasi gani ndiyo mbaya. Alisema nisianze na kiasi, nianze na mara ngapi. Tukahesabu pamoja siku ya kawaida ya binti yangu, na mume wangu akiwa ameegemea mlango akawa anakunja vidole. Chupa ya kulalia, chupa ya saa saba, chupa ya alfajiri. Chai na andazi. Biskuti saa nne. Juisi mchana. Barafu. Ubuyu wa sukari wa jioni, ule wa kumung'unya. Pipi ya baba. Mara tisa, na hapo hatukuwa tumehesabu siku ya shughuli.

Mdudu wa mama mkwe yupo kweli, alisema, ila ni mdogo haonekani kwa macho. Ni bakteria wanaoishi kwenye ukoga, ule utando unaoteleza unapopitisha ulimi asubuhi. Wao nao wanakula sukari, na kinyesi chao ni tindikali. Tindikali inayeyusha madini ya jino. Mate huja nyuma yake kuipoza na kurudisha madini, lakini yanataka nafasi, nusu saa, pengine saa nzima. Anayekula kashata tatu mara moja baada ya wali ameyapa mate kazi moja. Anayeonja tone la sukari kila baada ya muda mfupi hajayapa hata nafasi ya kuanza. Mimi nilikuwa nabishana na mume wangu kuhusu vijiko viwili au kimoja na nusu.

Halafu akaomba kuiona dawa yetu ya meno. Niliitoa kwenye pochi kwa fahari. Nilikuwa nimekwenda nayo makusudi. Aliisoma, akairudisha mezani, akauliza ni nani aliyenishauri. Nikamweleza habari ya maji ya kwetu na ya bweni. Alisikiliza hadi mwisho, foleni nje ikimsubiri.

Floridi ni kama chumvi kwenye mchuzi, aliniambia. Ikizidi mchuzi unamwagwa, ikikosekana haulambiki. Kwetu ilizidi, tena niliinywa katika miaka ile ya kwanza ambayo meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya taya. Ndiyo maana yalitoka yameshaingia rangi. Haikuwa uchafu, na haikupitia kwenye damu yangu kwenda kwa mwanangu. Floridi ya kwenye mswaki kazi yake ni nyingine: inakaa juu ya jino, inasaidia madini yanayorudi na mate yashike, na jino linakuwa gumu mbele ya tindikali. Aliniandikia kwenye kikaratasi: dawa yenye floridi angalau sehemu 1,000 kwa milioni, imeandikwa ppm kwenye boksi, mpaka miaka mitatu kiasi cha punje ya mchele, baada ya hapo kiasi cha mbaazi, asubuhi na kabla ya kulala, ateme bila kusukutua. Na apigishwe mswaki na mtu mzima hadi afikishe miaka saba au nane, kwa kuwa kabla ya hapo mkono wa mtoto haufiki kwenye magego, unacheza tu mbele. Kikaratasi hicho kimebandikwa juu ya cherehani yangu mpaka leo, kimechubuka pembe.

Nilikuwa nimemnyima mtoto ngao kwa kuogopa mkuki ulionichoma mimi. Nilimwambia daktari maneno hayo, au yanayofanana nayo, na sikuyasema vizuri kwa sababu nilikuwa nalia. Alinipa kitambaa akaendelea na kazi.

Meno mawili ya mbele yaliyokuwa na usaha yalibidi kung'olewa. Mzizi ukishaoza, dawa za maji hupunguza uvimbe lakini chanzo hubaki palepale, na usaha ukikaa unaweza kuharibu jino la ukubwani linalosubiri chini yake. Yale mengine mawili yalifuata baadaye. Magego alisema tuyaokoe, na hapo ndipo hoja ya "yatang'oka tu" ilipokufa kwangu: magego ya utoto hukaa hadi mtoto ana miaka 10 au 12, yanatafuna na yanashika nafasi ya wenzao. Angetafunia nini miaka yote hiyo?

Siku ya kung'oa sitaisimulia kwa urefu. Nilimpakata, baba yake akamshika miguu, sindano ya ganzi ikaingia, na yeye akanitazama mimi, si daktari. Dakika chache tu. Siku ya magego ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia. Hakuwasha mashine ile inayolia. Alikwangua uozo laini kwa vijiko vidogo vya chuma akajaza saruji ya meno nyeupe. Alinieleza kwamba njia hiyo ilianza kujaribiwa hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya mahali pasipo na umeme, ndipo nchi nyingine zikaichukua. Akaongeza, akinitazama kwa jicho la utani, kwamba ile saruji inatoa floridi kidogo kidogo.

Chupa ilitushinda mara mbili kabla hatujaishinda. Tulipoizuia ghafla mtoto alilia hadi majirani wakagonga. Safari ya tatu tulifuata ushauri wa kuidanganya: kila usiku chai inapungua na maji yanaongezeka, sukari inapungua, hadi usiku wa tisa chupa ikawa na maji matupu. Akainyonya mara mbili, akaitazama, akaitupa chini ya kitanda. Vitamu hatukuvifuta, nani anaweza kufuta kashata Tanga? Tulivihamisha vikawa pamoja na chakula. Mfuko wa shati wa baba ulihamia kwenye karanga na machungwa. Kazi kubwa zaidi ilikuwa kwa mama mkwe, na hapo sikushinda kwa hoja. Nilimpa mswaki wa mjukuu akaunusa, akaniuliza kwa nini siku hizi kinywa cha mtoto hakinuki. Tangu hapo yeye ndiye askari wangu wa usiku.

Tukienda kwa mama yangu Krismasi tunabeba madumu ya maji, na makande yetu yanapikwa bila magadi. Mama ananung'unika kwamba hayana ladha, na ni kweli hayana. Ngurdoto, jirani na kwetu, kuna kituo kinachochuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Nimeishi miaka yote ile karibu nacho bila kujua kilikuwa na habari na mimi.

Lakini kuna jambo ambalo daktari hakulitibu. Baada ya meno ya mbele kung'olewa, binti yangu alianza kucheka ameziba mdomo kwa kiganja. Nilidhani ni kwa sababu ya pengo. Siku moja nilimsikia akimfundisha mwanasesere wake, anamshika mkono wa kitambaa anaupeleka usoni, "Ukicheka unafanya hivi, kama mama." Pengo halikuhusika. Alikuwa anaiga.

Nimekuwa najifunza kuuacha mkono chini. Ni vigumu kuliko kuacha sukari kwenye chai, na hilo nalo nimeacha. Kwenye harusi ya wifi yangu mwaka jana nilipigwa picha mdomo wazi. Mpigapicha alisema nzuri, ninavyoiona mimi naona meno tu. Mume wangu ameitundika sebuleni bila kuniuliza.

Mwaka huu binti yangu ametimiza miaka sita. Mwezi uliopita, wakati wa mswaki wa usiku, niliwasha tochi ya simu nikaona nyuma kabisa, baada ya magego yaliyozibwa, kitu cheupe kinachungulia kwenye ufizi, kina vilima vinne vidogo. Lile gego la kwanza la ukubwani huota bila kumng'oa yeyote, ndiyo maana wazazi wengi hudhani ni la utoto na kuliacha lioze. Nilisugua mahali hapo kama nang'arisha shilingi. Kisha akanipokonya simu.

"Na wewe fungua."

Nikafungua. Alimulika huku na huku, amekunja uso kama daktari, akahesabu hadi 20 akapotea, akaanza upya. Alipomaliza alizima tochi.

"Yako yana rangi ya chai," akasema. "Ila yote yapo."

Akatema povu, hakusukutua, akaenda kulala.